Wanaohesabu Miezi: Mjadala wa Malukhu

Swali lililo mezani ni hili. Mtu anapoamua kuzaa, au kungoja kwanza, au kufunga kizazi kabisa, uamuzi huo ni wake na mwenzake, au shauri lilishakatwa na mama mkwe, mashoga, majirani na wenzake wa kazini? Hospitali huzungumza na mwanamke mmoja mmoja: njoo na kadi yako, chagua njia yako, rudi baada ya miezi mitatu. Wanasiasa huzungumza na taifa zima. Wale wa katikati, watu kumi au kumi na tano ambao maneno yao humwingia mtu kweli, hawaitwi mkutanoni. Mimi nashikilia kwamba hao ndio wenye kauli, na nimeupanga mjadala huu ili hoja yangu ipigwe kutoka kila upande.

Tuko Malukhu, Mbale, mashariki mwa Uganda. Malukhu na Walukuba ya Jinja ni mitaa ya umri mmoja: nyumba zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wa mjini. Wagisu walishuka kutoka mlima Elgon, ambao wao huuita Masaba. Wateso, Wanyole na Wasoga wakaja kutoka tambarare, Waluhya wakavuka kutoka Kenya, na mahali ambapo Kigisu na Kiteso havikukutana, Kiswahili kiliwakutanisha. Mtu aliyehamia hapa aliacha ukoo nyuma na kujipatia ukoo mwingine wa majirani. Katikati ya miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Mmarekani, David Jacobson, alikuja Mbale kuchunguza urafiki tu: nani anamtembelea nani, nani anakula kwa nani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1973. Aliona kwamba maofisa wasomi waliokuwa wakihamishwa kutoka mji hadi mji walishikana wao kwa wao, kwa kuwa kila mmoja alijua atakutana na mwenzake tena katika mji mwingine. Mbale basi iliingia katika elimu ya mitandao ya watu zamani, kabla ya simu ya mkononi.

Wazungumzaji wetu hawana majina kwa sababu si watu fulani. Ni hoja nilizozivisha sauti. Kuna bibi, tutamwita Kukhu kama bibi anavyoitwa kwa Kigisu. Kuna Sista, muuguzi wa kliniki ya akina mama. Kuna Mwalimu anayefundisha elimu ya idadi ya watu. Kuna binti wa saluni, kijana wa bodaboda, na mama muuza vitenge ambaye hana mtoto. Kwa heshima ya umri, anaanza Kukhu.

KUKHU: Wajukuu zangu, mimi nashangaa hata kuulizwa. Nilipoolewa, mume wangu alikuwa na kazi hapa mjini, mama mkwe wangu alikuwa mlimani. Lakini macho yake yalikuwa hapa. Kila aliyeshuka kuleta kahawa kwenye chama cha ushirika alitumwa apite kwangu anitazame tumbo. Anakunywa chai, anaangalia, anarudi na habari. Sikuchukia. Nilijua wananingoja. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa alilia siku tatu, hanyonyi vizuri, halali. Wazee wakakaa, wakayataja majina ya marehemu wetu mmoja baada ya mwingine. Lilipotajwa la babu yake mume wangu, akanyamaza. Sasa niambie, mtoto huyo aliamuliwa na nani? Na mimi na mume wangu peke yetu? Kuna watu walikuwa wakimngoja tangu sijazaliwa mimi.

BINTI WA SALUNI: Kukhu, nakuheshimu, lakini waliokungoja wewe ndio waliokushika mkono. Ulipojifungua nani alipika?

KUKHU: Mama mkwe alishuka mwenyewe. Sikushika ndoo wala jembe mpaka mwili uliporudi. Majirani, hata wale ambao lugha yao siijui, walileta uji na maji ya moto.

BINTI WA SALUNI: Basi hapo ndipo tunapoachana. Mimi nina miaka ishirini na minne. Wanaoniuliza “vipi, bado?” wananiuliza kanisani, kwenye harusi, saluni penyewe huku nikiwasuka. Mteja ameinamisha kichwa, simuoni hata uso, ananiuliza ninangoja nini. Lakini dada yangu alipojifungua mwaka jana, walikuja na simu zao kupiga picha, wakakaa nusu saa, wakaondoka. Sabuni ya kufulia nepi nilinunua mimi. Watu wa kuhesabu miezi wamebaki walewale, wa kubeba ndoo ndio wamepungua.

Hapa nataka nitie neno langu. Binti huyu amegusa kitu ambacho wapangaji wa sera hawakigusi. Msukumo wa kuzaa na msaada wa kulea vilikuwa vikitoka mlango mmoja. Aliyekuuliza ndiye aliyekuja na uji. Maisha ya mjini yametenganisha viwili hivyo: sauti ya kuuliza imebaki, tena imepata nguvu ya simu, lakini mikono imetawanyika kwenda Kampala, Nairobi na Ghuba. Mtu akikwambia siku hizi vijana wanakwepa wajibu, muulize kwanza mikono iko wapi.

KIJANA WA BODABODA: Mnaongea kama vile mambo haya ni ya wanawake tu. Njooni steji mtuone. Mimi nilitahiriwa mwaka 2016, mwaka wa imbalu, tohara yetu Wagisu, watu wakanicheza barabarani na unga usoni. Mzee wangu aliniambia, sasa wewe ni mwanamume, nategemea kukuona na nyumba. Tangu hapo ni miaka mingapi? Wenzangu pale steji wote wanaitwa Baba Fulani. Mimi naitwa kwa namba iliyo kwenye kizibao changu. Mzee wa steji anapogawa zamu ya hospitali usiku, ile yenye pesa nzuri, anasema apewe fulani, ana watoto. Halafu mnaniuliza kama ninaamua mwenyewe!

MWALIMU: Na ungeamua mwenyewe, ungesemaje?

KIJANA WA BODABODA: Ningengoja. Shamba la babu lilikuwa la kahawa na ndizi, mteremko mzima. Baba alirithi kipande. Sisi ni wanaume watano, tutagawana kipande cha kipande. Na huko juu kwenyewe kuna hatari. Mwaka 2010 mlima uliporomoka Bududa, ukazika kijiji cha Nametsi. Mimi nikimzaa mtoto wa kiume leo, nitamwonyesha shamba gani baada ya imbalu yake? Lakini hoja hiyo nikiitoa steji wananiambia, kila mtoto huja na sahani yake. Nimechoka kujibu.

MWALIMU: Ngoja nikupe uzito wa takwimu, maana uchovu wako si wako peke yako. Kwenye utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016, mwanamke wa Uganda kwa wastani alikuwa akizaa watoto 5.4. Hesabu ya watoto ambao kweli walitakwa ilikuwa 4.3. Pana mtoto mmoja na zaidi kati ya kinachotakwa na kinachotokea. Mwaka 2022 wastani ulishuka kidogo ukawa 5.2. Watu huwa wanasema tatizo ni dawa hazipo, au ni umaskini, au ni ujinga. Dawa hukosekana kweli mara nyingine. Lakini kuna jambo jingine lililopimwa vizuri, tena si mbali na hapa.

Alikotaka kutupeleka Mwalimu ni Nyanza Kusini, Kenya. Katika miaka ya 1990 mwanasosholojia Susan Watkins na wenzake waliuliza wanawake na wanaume wa huko swali rahisi: ulizungumza na nani kuhusu uzazi wa mpango? Wakauliza pia kama hao waliotajwa wanajuana wao kwa wao. Mwaka 1997 Naomi Rutenberg na Watkins walieleza kuwa maneno ya kliniki hayakuwa mwisho wa safari. Mwanamke alimsikiliza muuguzi, akarudi nyumbani, akamtafuta mwanamke mwenye mwili na maisha kama yake, akamuuliza: wewe ilikufanyaje? Jibu la huyo ndilo lililoamua.

SISTA: Mwalimu, hilo sikulisoma kitabuni, nalifanyia kazi kila siku. Mama anakuja, namweleza sindano, kijiti, kitanzi, vidonge, kila kimoja na faida yake na maudhi yake. Anatikisa kichwa. Mwisho ananiambia, Sista, jirani yangu alitoka damu miezi miwili. Hapo najua nimeshindwa na mtu ambaye simjui. Zamani nilikuwa nakasirika, namwambia huyo jirani yako si daktari. Siku hizi namuuliza: jirani yako ana umri gani, ana watoto wangapi, alikuwa ananyonyesha? Tukimaliza kumzungumzia jirani, tunajua kama mwili wake na wa huyu unafanana au la. Na mara nyingine namwambia, kesho njoo naye.

BINTI WA SALUNI: Anakuja?

SISTA: Wengine wanakuja. Lakini nikuambie na upande wa pili. Wapo wanaoniachia kadi. Wanasema ikae hapahapa kliniki, nikienda nayo nyumbani ikionekana nimekwisha. Wanachomwa sindano kwa siri, kila miezi mitatu wanasema wanakwenda sokoni. Ukimuuliza anamwogopa nani, si mume peke yake. Anasema mama mkwe, anasema wifi, anasema yule mama wa nyumba ya pili ambaye akijua leo, jioni mtaa mzima umejua. Mwanamke huyo ameshaamua. Anachokosa ni pa kuuweka uamuzi wake.

KUKHU: Huo ni udanganyifu katika nyumba.

SISTA: Kukhu, huyo ana watoto sita na wa mwisho tulimtoa kwa upasuaji. Mimi ndiye niliyemshika mkono akivuja damu. Sitamwita mdanganyifu.

Kukhu hakujibu, na sitamjibia. Namwachia nafasi, maana uzoefu wake nao ni wa kweli: aliishi katika mtandao uliomfaa. Kosa letu ni kudhani kwamba kwa kuwa ulimfaa yeye, humfaa kila mtu.

MWALIMU: Turudi Nyanza, kwa sababu kuna kipande cha pili ambacho naona ndicho kiini cha mjadala huu. Mwaka 2001 Hans-Peter Kohler, Jere Behrman na Watkins walichapisha uchambuzi wa sehemu nne. Mojawapo, Obisa, ilikuwa na shughuli nyingi za soko. Nyingine tatu hazikuwa na soko la namna hiyo. Waligundua kwamba kwenye shughuli nyingi za soko, mtandao ulifanya kazi ya kufundisha: mtu anasikia habari hapa, anasikia nyingine kule, analinganisha, anaamua. Kwenye soko dogo mtandao ulifanya kazi ya kubana. Pale watu wote wanajuana, kilicho muhimu si habari, ni kukubalika. Kama wengi wa walio karibu nawe wanatumia uzazi wa mpango, wanakusukuma utumie. Kama ni wachache, wanakuzuia.

KIJANA WA BODABODA: Steji yetu hiyo. Wote tunajuana mpaka madeni.

MWALIMU: Ndiyo. Na usidhani ni mambo ya Afrika. Korea Kusini ilikuwa na mpango mmoja wa taifa, njia zilezile kwa kila kijiji. Everett Rogers na Lawrence Kincaid, mwaka 1981, walionyesha kwamba vijiji viliishia kuwa na tabia zao: kimoja karibu wote vidonge, kingine kitanzi. Si kwamba miili ya kijiji kimoja ilipenda vidonge. Wa kwanza walianza hivyo, wakawaambia wenzao. Na kwa upande wa kuzaa kwenyewe, Nicoletta Balbo na Nicola Barban mwaka 2014 walifuata wanawake wa Marekani waliosoma shule pamoja. Rafiki akijifungua, uwezekano wa mwenzake kupata mtoto unapanda, unafika kileleni kama miaka miwili baadaye, halafu unashuka.

BINTI WA SALUNI: Mwalimu, hapo umeniona mimi. Tuna kundi la WhatsApp la darasa letu la kidato cha nne, S.4. Mwaka wa kwanza lilikuwa la kazi na vichekesho. Akajifungua mmoja. Picha: mtoto kwenye blanketi la manjano, kucha ndogondogo kama punje za mchele. Tukatuma mioyo. Baada ya miezi kadhaa wa pili, wa tatu. Sasa kundi ni la chanjo na majina. Mimi nikiandika habari ya saluni, inapita kimya. Sijaambiwa na mtu yeyote uzae. Lakini kuna mazungumzo ambayo siwezi kuingia mpaka nizae. Na picha hazionyeshi usiku. Hakuna aliyetuma picha ya mtoto akiwa na homa ya malaria saa nane, au ya mama akitafuta nauli.

Wakati fulani watawala wetu waliuona mtandao wa simu kama adui. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayeingia WhatsApp, Facebook na nyinginezo. Kodi hiyo ikaja kuondolewa mwaka 2021. Januari mwaka huohuo wa 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa. Watu wakatafuta njia za kuzunguka, wakaendelea. Ninalolitoa hapo ni kwamba mazungumzo ya watu kuhusu mapenzi, mimba na watoto hayafungwi kwa agizo. Ila nakataa pia kudhani kwamba simu imeleta jambo jipya kabisa. Msafirishaji wa kahawa aliyetumwa kuangalia tumbo la Kukhu alikuwa akifanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba yeye alikunywa chai, akaona kama kuna unga ndani ya nyumba, akarudi na habari nzima. Picha ya blanketi la manjano huleta habari nusu.

MAMA MUUZA VITENGE: Nimekaa kimya muda wote kwa sababu mnazungumza juu ya kuamua. Mimi sikupata hata nafasi ya kuamua. Nimeolewa miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza waliuliza. Wa pili wakaleta dawa za mitishamba. Wa tatu wakaanza kusema nilimeza vidonge nikiwa msichana, vimeniharibu. Wa tano mume wangu akaletewa mwanamke mwingine na dada zake, mbele yangu, kwa heshima zote. Huyo naye hajazaa. Sasa hakuna anayesema neno. Hakuna aliyesema, labda twende mume naye akapimwe. Hata leo hajapimwa.

SISTA: Na kupimwa mbegu ni jambo la kawaida kabisa. Kukosa mtoto kunaweza kutoka kwa mke, kwa mume, au kwa wote wawili. Lakini wanaonijia kliniki ni wanawake watupu.

MAMA MUUZA VITENGE: Na nilisikia Kampala kuna hospitali inayopandikiza, mtoto wa kwanza wa namna hiyo hapa Uganda alizaliwa mwaka 2004. Bei yake siiwezi. Lakini nataka niseme jambo moja ambalo mjadala huu usilisahau. Walioniumiza ni watu wangu, na walioniinua pia ni watu. Nina kikundi cha nigiina, wanawake wa sokoni, kila wiki tunampelekea mmoja wetu zawadi. Nilidhani zamu yangu hawatakuja, maana nyumba isiyo na mtoto watu huiogopa. Walikuja wote. Walileta sufuria, shuka, sukari, wakacheza mpaka jirani akatoka kutazama. Tangu siku ile nikiulizwa “vipi, bado?” najibu, bado, na ninaendelea na biashara yangu. Sijapona. Lakini nina mahali pengine pa kusimama.

Maneno hayo, “mahali pengine pa kusimama”, ndiyo yaleyale ya Obisa, yakisemwa na mtu ambaye hakuusoma utafiti. Mwanamke aliye na mzunguko mmoja tu, wa ukoo au wa nyumba kumi za jirani, hana namna ya kupinga bila kupoteza kila kitu. Mwenye mizunguko miwili au mitatu isiyojuana, soko huku, kanisa au msikiti kule, wenzake wa shule kwingine, anaweza kusikia jibu la hapa na kulipima kwa la pale. Mji kama Mbale unaweza kumpa mtu nafasi hiyo. Utafiti ule wa 2016 ulionyesha mwanamke wa mjini akizaa kwa wastani watoto 4.0 na wa kijijini 5.9. Zipo sababu nyingi, shule na kipato zikiwemo, lakini nami naihesabu hii: mjini hakuna mtu mmoja anayeweza kukusanya macho yote.

Kuna mahali ambapo lazima niukatishe mjadala, maana neno “uamuzi” halistahili kutumika.

SISTA: Wasichana.

Naam. Utafiti wa 2016 ulikuta asilimia 25 ya wasichana wa Uganda wa miaka 15 hadi 19 tayari ni mama au wana mimba ya kwanza. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 24, karibu ileile. Katikati ya tafiti hizo shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Binti wa chini ya miaka 18 kisheria hawezi kuridhia. Aliyempa mimba ametenda kosa la jinai, hata kama wazee wa pande mbili wamekaa chini ya mwembe wakapatana mbuzi.

SISTA: Kwa wiki nyingi za kufungwa shule walikuja kliniki wakiwa na sare, hawana nguo nyingine ya heshima. Shule si masomo tu. Shule ni watu. Msichana aliyekaa darasani alikuwa na wenzake thelathini ambao hawana watoto na wana mipango. Tukamwondolea wote kwa siku moja. Akabaki na uani, na wanaume wa uani. Miongozo ya mwaka 2020 inaruhusu msichana aliyejifungua arudi shule. Inaruhusu, ndiyo. Lakini arudi kwa nani, kama wenzake wamehitimu na mtaani wanamwita mama fulani?

KUKHU: Huyo mimi nampokea. Mtoto wake nitamshika, aende shule.

MWALIMU: Kukhu, sasa unazungumza.

KUKHU: Nimekuwa nikizungumza tangu mwanzo, ninyi mlisikia kuhesabu miezi tu. Mama mkwe wangu alihesabu, kisha akashuka mlima na kuni kichwani. Anayehesabu bila kushuka mlima, huyo hata kwetu tulimwita mmbea.

KIJANA WA BODABODA: Basi mimi nasema hivi. Nitazungumza na mzee wa steji kuhusu zamu ya usiku. Zamu iende kwa foleni. Asiyekuwa na mtoto asinyimwe kazi mpaka azae ili apate kazi ya kumlisha mtoto. Hilo ni jambo la kubadilisha wiki hii.

Nimelipenda pendekezo hilo kwa udogo wake. Semina za siku tatu hotelini, zenye mabango, haziendi steji. Msukumo wa kuzaa hujificha katika vitu kama hivyo: nani anapewa zamu, nani anapewa kiti harusini, nani anaitwa kwa jina la heshima. Wanawake wa soko wanaweza kuamua kesho kwamba nigiina haitauliza mtu tumbo lake. Mwenyekiti wa kijiji, yule wa LC1, anaweza kumheshimu mkaaji asiye na mtoto mkutanoni. Wajumbe wa afya wa vijiji, ambao Uganda imekuwa nao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni majirani wa watu, na wanaweza kwenda kuzungumza na mama mkwe na wifi wakiwa pamoja, badala ya kumvizia mke peke yake.

Upande wa pili wa mlima huu, baada ya mpaka wa Lwakhakha, wanaishi Wabukusu wa Kenya, ndugu wa Wagisu kwa tohara na kwa masimulizi ya asili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta 3.4. Hakuna aliyewatoa Wakenya katika koo zao, wala kuwafunga midomo mama wakwe. Kliniki zilikuwepo, shule zilikuwepo, na wanawake wakaulizana sokoni, vyamani na kwenye mistari ya maji, mpaka kilichokuwa aibu kikawa jambo la kawaida. Mazungumzo yakifunguliwa, watu wenyewe hupima. Wengine watapima na kuamua kuzaa watano, na hiyo ni haki yao kamili. Ninachotetea ni kupima kwenyewe.

MAMA MUUZA VITENGE: Na anayeshindwa kuzaa?

Na anayeshindwa. Hukumu yangu juu ya swali letu ni kwamba uamuzi wa kuwa mzazi haukuwahi kuwa wa wawili, wala sidhani utakuwa. Lakini haki ya kumsemea mtu tumbo lake ina gharama, na wengi wetu tumekuwa tukiitumia bila kulipa. Anayetaka kujua kama jirani yake ana mimba ajue pia nani atamsindikiza hospitali usiku, nani atamnunulia vifaa vya kujifungulia, glavu, pamba, wembe mpya na karatasi ya plastiki ya kulalia, na nani atabaki na wakubwa nyumbani.

Msomaji, kwenye simu yako au mlango wa pili yupo mtu uliyewahi kumuuliza “vipi, bado?” Mpigie leo. Usimuulize tena. Kama ana mtoto, mwambie Jumamosi utamshikia mtoto kuanzia asubuhi ili alale. Kama hana, mwalike chakula, na mezani mzungumze habari za kazi yake.